Betri Iliyobaki

Snel ilipoondoka Jumanne haikuaga.
Friza ikanyamaza kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni,
na sambaza wangu, ndoo mbili nzima,
kufikia Alhamisi walikuwa wameita
kila paka wa Cimpunda.

Inverta ilikuwepo ukutani, jicho lake la kijani likipepesa.
Mugisho aliifunga kwa skrubu nne,
ya nne imepinda, nikamwonyesha, akasema itashika.
Imeshika.
Yeye ndiye aliyeachia.
Chini yake betri mbili, bega kwa bega:
moja imevimba tumbo kama chura,
nyingine, eti, bado inapumua.

Nikashuka Nyawera na dola nilizozificha
ndani ya Biblia, kitabu cha Hesabu.

Balagizi akanipangusia kiti.
"Mama, twaa hii, iko muzuri, ya lithiamu,
volti makumi ine na munane, itakuzika."
Yangu ya ishirini na nne, nikamwambia, wataongea lugha gani?
"Umeme ni umeme."
Ndiyo, na maji ni maji,
lakini sijaona mtu akikinga Ruzizi kwa kikombe cha chai.

Duka la pili, kijana mwenye kofia ya sufu:
"Nunua moja tu, ya kumi na mbili,
uiunge na ile nzima ya zamani. Utaokoa nusu."
Nusu!
Neno tamu kwa mjane.
Nilikwisha kutoa noti. Akaiinua juani,
akaona mchaniko pembeni, mdogo kuliko ukucha wa mtoto,
akanirudishia kwa vidole viwili: "Hii haitembei."
Dola mia, mia kamili, inakataliwa kwa kijeraha kile,
na mwenye kuikataa ndiye anayetaka nifungishe ndoa
betri zilizopishana miaka sita.

Jioni akaja fundi Zihindula, na mita yake, na ukimya wake.
Waya mwekundu. Waya mweusi.
"Kumi na moja na nusu," akasema,
kwa sauti ya daktari anayejua ndugu wako mlangoni.
"Inasimama, ila haibebi.
Ukiipa mwenzake mpya, njia yao ni moja, mzigo mmoja.
Kwenye kutoa, mzee ataishiwa kwanza, mpya atamburura.
Kwenye kujaza, mzee atashiba upesi, atachemka,
mpya atalala na njaa.
Mwaka mmoja, mama, utazika zote mbili."

Hesabu hiyo nilikwisha kuipigiwa, kwa midomo mingine,
siku mashemeji walipokaa sebuleni kwangu
kunichagulia mdogo wao.
Sikumwambia Zihindula.
Nilimwongezea chai.

Noti yenye jeraha niliipeleka kwa mbadili fedha wa Feu Rouge;
akakata dola kumi, hakuona haya.
Nikanunua pacha, za jeli,
mwezi mmoja wa kuzaliwa, muhuri mmoja,
ampea-saa mia mbili kila moja, nzito kama deni.
Zihindula akaingia ndani ya inverta kwa kidole,
akafuta mpangilio wa zile za kale, akaandika mpya:
ishirini na nane nukta mbili, isizidi.
"Wengi husahau hapa," akasema. "Wananunua betri vizuri,
halafu wanailisha chakula cha marehemu."

Friza ikakohoa, ikaanza kuimba.

Ile ya zamani aliibeba, akitaka kwenda kuyeyusha risasi.
Nikamwambia: iache.
Imefungwa peke yake nyuma ya mlango,
kipaneli kimoja, taa moja ya wati tatu,
juu ya ngazi aliyozoea kujikwaa Mugisho.
Haina mwenza wa kumchelewesha.
Inawaka mpaka saa nne, siku nyingine saa tano,
halafu inazima yenyewe,
nami siamki kwenda kuitazama.